Sekunde Tisa za Jasusi

Saa sita na nusu ya Ijumaa, wakati watumishi wote wenye akili timamu wa Bodi ya Ukaguzi wa Filamu walikuwa wameshafunga droo zao na wanangoja tu mkubwa atangulie kutoka, Mkasi aliitwa ofisini kwa Katibu.

Mkasi hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, akalizoea. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: Bodi inatazama filamu, Bodi inashtuka, Mkasi anakata. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kushtuka yeye mwenyewe hata mara moja, kwa kuwa kushtuka hakukuwa kwenye ngazi yake ya mshahara.

"Karibu kiti," alisema Katibu, na Mkasi akabaki amesimama kwa heshima zote, kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kimekaliwa na mafaili. "Unaikumbuka ile filamu ya jasusi?"

"Zimepita nyingi za majasusi, mheshimiwa."

"Ile ya zamani. Ya koti la kijivu. Ile kila mtu anaijua kwa moyo."

Mkasi aliikumbuka. Mji mzima uliikumbuka, ingawa kwa namna yake. Katika filamu waliyoiona watu wa mji huu, jasusi anabisha mlango wa bibi mmoja mzuri, anavua kofia, na papo hapo yuko ndani ya treni, kofia kichwani, anatabasamu. Kwa miaka tisa wanaume walibishana kwenye viti vya kinyozi kuhusu alichofuata mle ndani. Wengine walisema nyaraka za siri. Wengine walisema alisahau mwavuli.

"Jumamosi ijayo ukumbi wa sinema unafunguliwa upya," Katibu aliendelea, "na Mwenyekiti mpya ameamua wafungue kwa hiyo filamu, nzima, bila kukatwa hata mkono. Anasema dunia imebadilika. Basi Jumatatu saa mbili asubuhi unaleta vile vipande kumi na kimoja, vimepangwa kwa namba zake. Filamu imefungiwa kabatini kwake. Atafungua, utaunga yeye akiwa hapo, tutatazama, tutatia sahihi. Vipo, sivyo?"

"Vipo," mdomo wa Mkasi ulisema, bila kumshauri mwenyewe.

Katibu akageuza daftari la vipande limwelekee. Kila mwaka mstari mmoja: Jasusi, vipande 11, VIMEHIFADHIWA. Mistari tisa, na sahihi tisa za Mkasi, zimepangana kama watoto wa shule kwenye gwaride.

"Nauliza kwa sababu nimepita stoo, kopo lake sikuliona."

"Niliviweka mahali pakavu zaidi. Stoo inavuja, mheshimiwa."

"Umefanya la maana. Maana na wewe unastaafu mwezi wa sita, Mkasi. Nisingependa mtu wa umri wako atoke hapa na barua ya polisi badala ya barua ya shukrani. Halafu ile nyumba ya Bodi unayokaa, unajua, ikibidi kuhama inabidi siku hiyo hiyo." Alitabasamu kwa upole mkubwa. "Wikiendi njema."

Mkasi alitoka, akaufunga mlango kwa mikono miwili.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka tisa nyuma, Mwenyekiti wa zamani alipomaliza kushtuka alimnong'oneza Mkasi: "Choma." Lakini Mkasi hakuweza kuchoma filamu, kama vile mwokaji asivyoweza kukanyaga mkate. Na fomu ya Bodi ilikuwa na kisanduku kimoja tu, kile cha VIMEHIFADHIWA. Akakitia alama, akavitia vipande kwenye mfuko, akaenda navyo nyumbani. Aliyaasi maagizo na akadanganya kwa maandishi, yote kwa mkupuo mmoja, naye hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja.

*

Nyumbani, mkewe alikuwa uani anaanika mashati ya watu. Alikuwa fundi cherehani, na fundi huyo hakuvumilia kitu kizuri kukaa bure kwenye mfuko. Ndiyo maana vipande vya jasusi vilikuwa vimekatwa mita mbili mbili, vikapindwa ncha, vikatundikwa kwenye fito, vikawa pazia la mlango wa jikoni. Nyuzi ishirini na nne, nyeusi, zinazong'aa. Hakuna nzi aliyezipita akiwa hai. Majirani watatu walikuwa wameomba za kwao.

"Mama Kitinda," alisema Mkasi. "Shusha pazia."

"Kuna mgeni?"

"Kuna Mwenyekiti."

Alimweleza. Mkewe alisikiliza akiwa na vibanio viwili mdomoni, akavitoa kimoja kimoja.

"Si vipo? Vimetundikwa pale. Unalia nini?"

"Vina namba. Namba moja mpaka kumi na moja. Niliziandika kwa kalamu ya nta pembeni."

Mama Kitinda akatazama ndoo yake ya sabuni kwa macho ya mtu anayemtazama shahidi wa upande wa pili. Kila Jumamosi kwa miaka tisa alikuwa amefuta uzi mmoja mmoja kwa kitambaa cha maji ya moto. Mlango wa jikoni wa nyumba ile ulikuwa msafi kuliko dhamiri za watu wengi, na namba hazikuwepo tena.

"Kwenye daftari la ofisini si wameandika kila kipande kina nini?"

"Ni marufuku. Kilichopigwa marufuku hakielezwi kwa maandishi, maana anayesoma atakuwa kama ameona. Wameandika tu, 'Kipande cha tatu, sekunde kumi na mbili, hakifai.' Cha nne, hakifai. Vyote havifai."

"Na wewe uliyekata?"

"Mimi nilikuwa nakata, Mama Kitinda, sikuwa natazama! Mwaka ule nilikata filamu sabini."

Alasiri nzima alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananyanyua uzi mmoja mmoja kuelekea jua. Aliona glavu, glasi, miguu ya kiti. Aliona kisogo cha bwana mmoja kikienda kwenye uso wa bibi mmoja. Lakini kipi kilitangulia kipi, na glavu ile ilikuwa inavuliwa au inavaliwa, hakuna aliyemwambia. Alipanga mafungu, akayapangua. Kufika saa kumi na moja alikuwa na mafungu kumi na manne ya vipande kumi na kimoja.

Binti yake, Kitinda, msichana wa miaka kumi na sita aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, alikuja akasimama nyuma yake anatafuna kitu.

"Baba, hapo jasusi ameshuka kwenye treni kabla hajapanda."

"Ondoka hapa. Hii si kazi ya watoto."

"Sawa. Lakini mbona usimwulize Bibi? Bibi si alikuwa kwenye Bodi?"

Mkasi na mkewe walitazamana. Lilikuwa jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelifikiria tangu saa nane, na kila mmoja alikuwa akiomba mwenzake asilitaje.

*

Mama yake Mama Kitinda, yaani mama mkwe wa Mkasi, alikuwa mjumbe wa Bodi kwa miaka kumi na miwili, akiwakilisha akina mama. Ofisini walimwita Bibi Marufuku, ila si mbele yake, wala mbele ya mtu yeyote anayeweza kumfikia. Alipostaafu, na goti lake likakataa ngazi za kwake, alihamia kwa binti yake, na mkwewe tangu hapo alikuwa anakohoa kila anapokata kona ya nyumba yake mwenyewe, asije akamkuta ghafla.

Utaratibu wa Bodi enzi zile ulikuwa wa mkoba. Mama alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Jambo baya likikaribia, mkoba ulipanda ukamfunika macho. Mkoba ukipanda, Mwenyekiti alipiga kengele na Mkasi aliweka alama. Mkoba ukishuka, kengele ya pili, alama ya pili. Alichokikata Mkasi kilikuwa ni kile kilichokuwa katikati ya kupanda na kushuka kwa mkoba, wala hakizidi. Maadili ya taifa zima yalipimwa hivyo, na kwa filamu ya jasusi yalifika dakika moja na sekunde arobaini na tano.

Jumamosi asubuhi Mama alitoka na kikombe chake cha chai kwenda kuota jua mlangoni mwa jikoni, kama alivyofanya kila siku ya Mungu. Akakuta mlango uko wazi. Akasimama.

"Pazia langu liko wapi?"

"Shikamoo Mama," alisema Mkasi kutoka nyuma ya tangi la maji, alikokuwa amejisitiri.

"Marahaba. Mwulize mume wako," Mama alimwambia binti yake, kwani mkwe hasemezwi moja kwa moja, "pazia liko wapi."

Mama Kitinda alimweleza yote: Mwenyekiti mpya, Jumatatu, sahihi tisa, nyumba. Hakuficha hata kwamba pazia ndilo jasusi. Mama alikunywa chai taratibu, uso wake hausomeki.

"Na mnataka nini kwangu?"

"Utusaidie kukumbuka, Mama. Kipi kilikuwa cha kwanza, kipi cha pili."

"Nikumbuke nini? Mimi nilifunika macho. Taifa zima ni shahidi."

"Mama, tutafukuzwa nyumba."

"Nasema nilifunika macho!"

Mkasi, nyuma ya tangi, alianza kuhesabu kichwani vitu vya kubeba: cherehani, vitanda vitatu, goti la Mama. Ndipo Kitinda, aliyekuwa amekaa kizingitini bila kualikwa, akauliza kwa sauti ya mtoto mwema kabisa:

"Bibi, kama ulikuwa umefunika macho, ulijuaje wakati wa kushusha mkoba?"

Mama Kitinda alifungua mdomo kumkemea, kisha akamgeukia mama yake, naye asikie jibu. Nyuma ya tangi, Mkasi alitoa kichwa. Miaka kumi na miwili alikuwa amekata kwa ule mkoba, na mkoba ulishuka kila mara palepale penyewe, si kabla si baada, naye hakuwahi kujiuliza.

Mama alitazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu, lakini alikinywa.

"Ule mkoba," alisema hatimaye, "ni wa kusuka. Una matundu. Sasa mlitaka nifanye nini?"

*

Kazi ilifanywa kwa adabu. Mama alikaa kwenye kiti uani, amempa mkwewe mgongo. Kitinda alikatazwa kushika, akashika. Mama Kitinda alisimama katikati kama mkalimani wa mkutano wa mataifa, ingawa wakuu wa nchi mbili walikuwa wanasikiana vizuri kwa hatua tatu.

"Mwambie mume wako, cha kwanza ni glavu. Yule mama anavua glavu ya kushoto. Nyuzi mbili, zilikuwa za mwisho upande wa jiko."

"Anasema cha kwanza—"

"Nimesikia," alisema Mkasi.

"Hajasikia mpaka aambiwe," alisema Mama kwa mgongo wake. "Cha pili, bwana anamimina kinywaji. Uzi wa tano kutoka upande wa pili. Una alama ya mafuta, wewe ulikaangia vitunguu hapo. Cha tatu ni zile tatu zilizofuatana, anapekua kabati la yule mama, na kabati lina nguo za ndani."

"Mama!" alisema Mama Kitinda.

"Si mimi niliyeziweka humo."

Mkasi aliandika kwa kalamu ya nta, kwa furaha na kwa aibu, viwili hivyo kwa kiasi sawa. Ilimjia polepole maana ya zile asubuhi zote. Kila siku Mama alisimama pale mlangoni na chai yake, miwani usoni, jua likipenya nyuma ya pazia, dakika kumi, wakati mwingine robo saa. Wao walisema, maskini Mama anatafuta joto la goti. Kumbe alikuwa sinema.

Cha nne kikaenda, cha tano, cha sita. Kisha Mama akakiruka cha saba. Kwa cha tisa alieleza kwamba jasusi anakimbia kwenye ujia mrefu akiwa na fulana tu, "na mtu mzima hakimbii na fulana mbele ya akina mama." Alipomaliza vingine vyote alirudi kwenye cha saba, akasita.

"Cha saba," alisema, "ni pale bwana anapomsalimu yule mama. Kwa karibu."

"Kwa karibu vipi?" aliuliza Kitinda.

"Kwa karibu zaidi ya wewe na kofi langu. Sekunde tisa. Nyuzi mbili. Mwambie mume wako yuko na uzi mmoja tu."

Mkasi alihesabu. Alihesabu tena. Nyuzi ishirini na tatu. Nusu ya kwanza ya busu ilikuwepo: bwana anainama, anainama, anakaribia. Nusu ya pili, ile ya kufika, haikuwepo.

"Kilipungua muhula uliopita," Mama aliendelea kwa utulivu. "Nilidhani ni panya. Ila panya gani huyo, anapita nyuzi ishirini na tatu za glavu na makabati, anakwenda moja kwa moja kwenye cha saba?"

Macho yote yakamgeukia Kitinda. Hata mgongo wa Mama ulionekana kumtazama.

Kitinda aliinuka, akaingia ndani. Walisikia sanduku la bati likiburutwa kutoka uvunguni. Alirudi na soksi ya shule, na ndani ya soksi uzi uliokunjwa kama utepe wa zawadi.

"Shuleni hatuna televisheni," alisema, kama mtu anayejitetea mbele ya mahakama ya rufaa. "Na sikukitoa bure. Aliyetaka kutazama alinifulia soksi. Mama si ulinisifu kwamba nimerudi na soksi safi?"

Mama Kitinda alivua kandambili. Mkasi akamzuia mkono. Alikuwa ameushika ule uzi juu, kuelekea jua. Umekwaruzika kidogo, umekunjika ncha, lakini picha zote zilikuwepo. Bwana alikuwa amefika.

"Mwache," alisema. "Mwache kwanza. Utampiga Jumatatu jioni."

*

Jumatatu aliunga vipande kumi na kimoja mbele ya Mwenyekiti mpya, kijana wa miaka arobaini mwenye saa kubwa, ambaye aliitazama saa hiyo kila Mkasi alipobandika utepe. Kisha taa zikazimwa.

Glavu ikavuka salama. Kinywaji kikamiminwa. Kabati likapekuliwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa filamu ilikuwa na akili: ukimwona mtu anavua kofia, unajua kwa nini. Busu lilipita zima, bwana akaondoka na akafika, na Katibu akakohoa kwa niaba ya wizara.

Balaa lilikuja kwenye kipande cha tisa. Ghafla ukutani ujia ulikuwa juu chini, na jasusi, na fulana yake, akaupita akikimbia kinyumenyume, miguu darini. Sekunde nne. Mkasi alijua papo hapo. Kati ya nyuzi zote, huo mmoja aliubandika kichwa chini, ni pale Mwenyekiti alipotazama saa mara ya tatu. Aliona cherehani ikipakiwa kwenye mkokoteni. Alifumba macho.

Taa zikawashwa. Mwenyekiti alikuna kidevu.

"Kumbe alitorokea darini," alisema.

"Mheshimiwa?" alisema Katibu.

"Pale kwenye ujia. Mimi niliiona filamu hii nikiwa kijana, siku zote nikajiuliza walimkosaje. Kumbe alipita darini. Wale watu walijua kutengeneza sinema." Akamgeukia Mkasi. "Na Bodi ilikata sehemu kama ile! Ulijisikiaje?"

"Vibaya, mheshimiwa," alisema Mkasi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kweli.

"Halafu hii harufu ya vitunguu inatoka wapi?"

Mashine ilikuwa imepata moto, na mafuta ya miaka tisa yalikuwa yamekumbuka kwao. Katibu alinusa, akamtazama Mkasi, akatazama vipande, akanusa tena. Kitu fulani kilipita usoni mwake. Kisha akafungua daftari.

"Ni mahali pakavu sana alipoviweka," alisema. "Weka sahihi hapa, mheshimiwa. Kumi na kimoja, vimepokelewa."

Mwenyekiti akaweka. Mkasi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za Bodi mchana kweupe, akacheka peke yake mpaka mlinzi akamwuliza kama amwitie mtu. Kipande cha tisa alikigeuza siku iliyofuata, alipopewa filamu aikague mara ya mwisho. Mwenyekiti, alipoiona tena, alisema wameiharibu.

*

Jumamosi, ukumbi mpya ulijaa mpaka kwenye ngazi. Katibu alikuwa amewapa kadi nne za mwaliko, akisema hivi pembeni: "Mlete na Mama. Mwambie ofisi inamkumbuka. Na jikoni kwenu wekeni pazia la kitambaa."

Kwa adabu, Mama Kitinda ndiye aliyepaswa kukaa katikati ya mama yake na mumewe. Lakini Kitinda aliwahi, akamvuta mama yake viti vya ndani, na vilivyobaki vikawa viwili, bega kwa bega. Mama alikaa kama mtu anayekalia sindano. Mkasi alikaa kama sindano yenyewe. Mkoba wa kusuka ulikuwa mapajani mwa Mama, uleule, mpini umeshonwa upya.

Glavu ilivuliwa, na ukumbi ukaguna, maana watu walikuwa wamesubiri miaka tisa na wakapewa glavu. Kabati likafunguliwa. Nyuma yao mwanamume mmoja alisema kwa uchungu, "Basi si mwavuli!"

Kisha bwana akainama kuelekea kwa yule bibi. Mkasi alisikia mkoba ukiinuka. Hakutazama pembeni, haikuwa heshima. Mkoba ulipanda, ukapita kidevu cha Mama, ukapita miwani, ukaendelea, ukavuka kiti, ukasimama mbele ya macho ya Mkasi.

"Wewe usitazame, Baba Kitinda," alinong'ona Mama. Ukiacha salamu, lilikuwa neno la kwanza alilomwambia bila mkalimani tangu ahamie kwao. "Si vizuri, mkwe wangu."

"Ndiyo, Mama."

Mkoba ulikuwa wa kusuka, kweli una matundu. Kila kitu kilionekana. Mkasi aliegemea kiti, akahesabu kimoyomoyo kama alivyohesabu maisha yake yote. Moja, mbili, tatu. Bwana alikuwa anakaribia. Nne. Hapo ndipo uzi wa jikoni ulipoungana na uzi wa soksi, na hakuna hata picha moja iliyoruka. Tano, sita, saba, nane. Alipofika tisa, mkoba ukashuka, palepale penyewe.